Makongoro, Mshenga na Spika

Wageni wa mahari hawapewi chai kavu. Mama alilitangaza hilo mapema katikati ya wiki, na ilipofika Jumamosi yenyewe kila mtu nyumbani alikuwa na mipango yake, na kila mpango ulipitia jikoni. Kulikuwa na pilau ya washenga, maharage ya nazi, chai, uji wa Bibi, sambusa, na makongoro ya Mjomba ambayo hakuna aliyeyaagiza isipokuwa Mjomba mwenyewe.

Jiko letu la gesi lina pleti mbili. Moja iliziba zamani, siku hizi ni mahali pa kuwekea vifuniko. Mkaa ulikuwepo, gunia zima, ila mvua ya usiku iliufikia uani kabla yetu. Na hapa kwetu Mbagala, mkaa uliolowa hutoa moshi wa kufukuza wageni, si moto wa kuwapikia. Kwa hiyo siku ile ambayo ukoo wa watu ulikuwa unakuja kumposa Dada na kutupima, nyumba nzima ilikuwa na moto mmoja.

Mdogo wangu anasomea kompyuta, mwaka wa pili, na Jumatatu alikuwa na mtihani. Aliposikia habari za moto mmoja alitoka chumbani na daftari mkononi, amechangamka kuliko hali ilivyoruhusu.

"Mama, hili jiko ni prosesa kabisa! Moto mmoja, vyungu vingi. Ndiyo mada yetu ya Jumatatu!"

"Vizuri," Mama akajibu. "Hiyo mada yako iende ikamenye vitunguu."

Kisa cha kwanza: Maharage yaliyowahi foleni

Sheria ya Mama siku zote ilikuwa rahisi: aliyewahi ndiye anapika. Alfajiri aliwahi yeye na maharage yake, tena yale ambayo hayakulowekwa. Jua lilipopanda, nyuma ya maharage palikuwa na chai ya nyumba nzima na uji wa Bibi, ambao lazima aunywe kabla ya dawa.

Bibi alikaa kwenye mkeka akiutazama mfuniko wa maharage unavyoruka. "Mjukuu wangu," akamwita mdogo wangu, "huyo prosesa wako naye huwa anachemsha maharage huku mzee anasubiri dawa?"

Mdogo wangu alikuwa akingoja swali la namna hiyo. Alieleza kwamba prosesa yenye kiini kimoja hufanya kazi moja tu kwa wakati. Tunapoona mashine ya namna hiyo inapiga muziki, inapokea ujumbe na kuonyesha picha kwa pamoja, kumbe kazi hizo zinapokezana haraka mno hata jicho halioni. Kazi zilizo tayari hukaa kwenye foleni, na ndani ya mfumo endeshi kuna mgawa zamu anayeamua nani aingie, akae muda gani, na nani amfuate. Ukimwambia agawe kwa kuwahi tu, kazi moja ndefu ikitangulia zote fupi zinakwama nyuma yake.

Akapiga hesabu pembeni mwa daftari. Maharage dakika 120, chai 15, uji 10. Kwa sheria ya Mama, maharage hayasubiri, chai inasubiri dakika 120, uji unasubiri 135. Wastani wa kusubiri ni dakika 85. Ukitanguliza kilicho kifupi, uji hausubiri, chai inasubiri 10, maharage 25. Wastani unashuka chini ya dakika 12. Na kwa njia zote mbili vyote vitatu vinakwisha kupikwa katika dakika zile zile 145.

Mama aliitazama ile hesabu, akaepua maharage bila kusema neno, akainjika uji. Kwa Mama huko ndiko kukubali.

Lakini Bibi hakuwa amemaliza. "Sasa kila mwenye kijambo chake kidogo akija anapita mbele. Maharage yataiva lini?"

Mdogo wangu akapiga makofi. Ndiyo hasa kasoro ya kutanguliza fupi: ndefu inaweza kufa njaa foleni. Vitabu vya somo hilo hurudia tetesi moja ya zamani, kwamba kompyuta ya IBM 7094 ilipozimwa kule MIT, Marekani, mwaka 1973, ilikutwa kazi yenye hadhi ya chini iliyoingizwa mwaka 1967, bado haijapewa zamu. Iwe kweli iwe porojo, dawa yake inajulikana: kazi iliyosubiri sana huongezewa hadhi kidogo kidogo, mpaka ifike mahali hakuna wa kuipita.

"Mwenye umri apishwe," Bibi akasema. "Hilo nalo mpaka mwende chuo?"

Hapo Mjomba akaja na la kwake: kila sufuria ipewe dakika tano tano, zamu kwa zamu, pasiwe na manung'uniko. Mdogo wangu akakiri kwamba wazo si baya. Fernando Corbató na wenzake pale MIT walionyesha mwaka 1961 mfumo ulioigawia kompyuta moja watu kadhaa kwa vipande vifupi vya muda, kila mmoja akajiona ana mashine yake. Ila kubadilishana kuna gharama. Mashine ikitoa kazi moja na kuingiza nyingine, lazima ihifadhi mahali kazi ya kwanza ilipofikia na ifungue pale ya pili ilipoachia. Kipande cha muda kikiwa kifupi kupita kiasi, mashine hushinda ikibadilisha tu.

Tulijaribu hata hivyo. Kila zamu ilihitaji kutafuta kitambaa cha kushikia, kuepua, kuinjika, na kungoja sufuria iliyopoa ianze upya kuchemka. Uji ukaota mabonge. Bibi aliunywa huku akimtazama Mjomba, na Mjomba akakumbuka ana shughuli uani.

Kisa cha pili: Sufuria kubwa

Baada ya mabonge, Mama alibadili utawala. Sasa ni hadhi. Pilau ya washenga ndiyo ya juu kabisa, ikiwa tayari kupikwa wote wanapisha. Katikati kuna chai, sambusa na maharage. Chini kabisa, chini ya kila kitu, makongoro ya Mjomba. Mwenye hadhi ya juu akifika anamwondoa wa chini motoni, hata kama yuko katikati ya mchemko.

Utawala huo ulikuwa na nguvu na ulieleweka. Tatizo ni kwamba Mama alikwenda kuoga.

Jiko lilikuwa wazi na hakuna aliyelihitaji. Mjomba, ambaye hana kosa kisheria, aliinjika makongoro yake, na kwa kuwa kwato ni kwato, aliyatia kwenye sufuria kubwa. Ile sufuria kubwa ni moja tu. Ndiyo ya pilau, ndiyo ya hitima, ndiyo ambayo majirani huja kuiazima. Jirani naye ana ya kwake, lakini wiki hiyo ilikuwa imekwenda msibani na haikuwa imerudi.

Mama alipotoka kuoga, chai ilikuwa inahitajika. Chai ina hadhi kuliko makongoro, makongoro yakaepuliwa nusu mbichi. Zikafuata sambusa, nazo zina hadhi kuliko makongoro. Maharage yakarudi kumalizia, nayo yana hadhi. Pembeni nyama ya pilau imeshakatwa, viungo vimeshatwangwa, mchele umeshaoshwa, na sufuria ya kuupikia imejaa kwato sakafuni.

"Nipe sufuria," Mama akasema.

"Makongoro hayajaiva, dada," Mjomba akajibu. "Na hakuna chombo kingine cha kuyatosha."

"Basi yaivishe!"

"Kwa moto upi? Umesema sambusa zinapita mbele."

Tulisimama tukatazamana. Hakuna aliyevunja sheria, na kwa sheria hizo hizo pilau, mwenye enzi wa jikoni, alikuwa amesimamishwa na sambusa. Pilau inangoja sufuria, sufuria iko kwa makongoro, makongoro yanangoja moto, na moto unachukuliwa na kila wa katikati anayepita. Sambusa hazikuwa na ugomvi na pilau, wala hazikujua kwamba zinaizuia.

Mdogo wangu alidondosha kisu cha vitunguu. "Pathfinder!"

Alisimulia harakaharaka, kwa kuwa Mama alikuwa ameanza kuhema. Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua salama kwenye sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kila ikijiwasha kazi za siku hiyo zinakatika. Ndani yake kulikuwa na kazi ya hadhi ya juu ya kusimamia njia ya kupitishia taarifa, kazi za hadhi ya kati zikiwemo za mawasiliano, na kazi ya hadhi ya chini ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa. Ile ya chini ilishika kufuli la rasilimali ambayo ya juu nayo iliihitaji. Kabla haijaliachia, zile za kati zikaja zikaisukuma pembeni. Ya juu ikangoja mpaka mlinzi wa ndani wa mashine, akiona kazi muhimu haijafanyika kwa wakati, akaamua kuwasha upya kila kitu.

"Wakafanyaje?" Bibi akauliza.

Wahandisi walio duniani waliirudia hitilafu hiyo kwenye mashine pacha maabara, wakaiona, wakatuma marekebisho mpaka Mirihi. Hawakuongeza kasi ya kompyuta wala hawakuifuta kazi ya hali ya hewa. Waliwasha kanuni moja ambayo tayari ilikuwemo kwenye mfumo: yeyote aliyeshika kitu anachokingoja mkubwa, na aazimwe hadhi ya mkubwa huyo mpaka akiachie.

Mama alielewa papo hapo, na ndiyo maana alikasirika. "Yaani makongoro yapite mbele ya sambusa za wageni? Makongoro?"

"Mpe moto amalize akuachie chombo," Bibi akasema. "Ukiendelea kumwonyesha kuwa yeye ni mdogo, atakaa na sufuria yako hadi magharibi."

Hivyo ndivyo makongoro ya Mjomba, yaliyoamka yakiwa ya mwisho, yalivyokalia moto kwa heshima za pilau, na sambusa zikangoja kwenye ungo. Yalipoiva, mchuzi ukapunguka, yakaenea kwenye beseni la bati. Sufuria ikasuguliwa, na hadhi ikarudi kwa mwenyewe.

Kisa cha tatu: Hewa ya sebuleni

Sebuleni nako kulikuwa na foleni, ila hiyo haikuonekana. Mama alitaka washenga wapokewe kwa kaswida ya taratibu, na mdogo wangu aliunganisha simu yake na spika kwa Bluetooth. Ikaimba vizuri mpaka Mjomba alipoingiza kiporo chake kwenye mikrowevu, ambayo shangazi alituletea kutoka Muscat na ambayo imekaa kwenye kabati, mkono mmoja kutoka kwenye spika. Kaswida ikaanza kukatika. Kiporo kikatoka, kaswida ikatulia. Mjomba akaona kinahitaji moto kidogo zaidi, na kaswida ikakatika tena.

"Ina majini hiyo," Bibi akasema.

Haina majini, ina majirani. Mikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takribani gigahezi 2.45. Bluetooth hutumia masafa yanayozunguka hapo hapo, kuanzia gigahezi 2.4, na waifai nyingi za majumbani zimo humo pia, kwa sababu hilo ni eneo la masafa lililoachwa wazi watu walitumie bila leseni. Ndani ya mikrowevu kuna mamia ya wati. Mlango wake huzuia karibu zote, lakini simu yenyewe inanong'ona kwa miliwati chache tu, kwa hiyo kinachovuja kidogo kinatosha kuifunika sauti yake kwa aliye karibu.

Mdogo wangu akasema hapo ndipo alipogundua kuwa mada zake mbili za mtihani ni moja. Jikoni wanagawana moto, hewani wanagawana masafa, na pande zote mbili swali ni zamu ya nani. Waifai husikiliza kwanza kama kuna anayesema, ndipo iseme. Bluetooth ya kawaida hukata sekunde moja vipande 1600, kila kimoja mikrosekunde 625. Simu inasema, spika inajibu, wakipokezana, na huku wote wawili wanaruka kutoka chaneli hadi chaneli kati ya 79 kwa mpangilio wanaoujua wao. Chaneli ikionekana ina fujo, wanaiacha kwa muda na kurukia zilizo safi. Wazo la kurukaruka ni la zamani: mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Marekani ya kuongoza torpedo kwa redio inayohamahama kati ya masafa 88, idadi ya vibonye vya piano, ili adui asiweze kuivuruga.

Bibi wakati huo alikuwa na vita vyake. Alitaka kuzima televisheni kwa rimoti, naye Mama alikuwa ameweka sinia la vitumbua mbele ya hiyo televisheni. Rimoti hutuma mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, nao ukikutana na sinia unaishia hapo. Sinia likasogezwa, televisheni ikazimika.

"Hii ndiyo ina adabu," Bibi akasema, akiipapasa rimoti. "Haipiti ukutani kwenda kusikiliza ya watu."

Laiti tungemsikiliza.

Kisa cha nne: Sauti ya Baba Mkubwa

Washenga walifika baada ya adhuhuri, wamevaa kanzu zimenyooka, wakiongozwa na mzee mwenye kofia ya vito na sauti ya upole. Salamu zikachukua muda unaostahili. Mama alikuwa jikoni akipakua. Mdogo wangu alikuwa ametumwa dukani kufuata barafu, na simu yake ameishika mkononi, kwa hiyo kaswida ikakata alipovuka barabara. Baba alitoka uani, akasimama chini ya mwembe karibu na dirisha la sebuleni, ili ampigie kaka yake aliye Tanga washauriane juu ya kiwango.

Mjomba, alipoona spika imenyamaza mbele ya wageni, aliifanyia anachokifanyia kila kifaa cha umeme. Aliizima, akaiwasha.

Spika ya namna ile huweka orodha ya simu inazozifahamu. Ikiwaka huanza kuzitafuta, na inayopatikana ndiyo inayopewa nafasi. Simu ya mdogo wangu ilikuwa mbali. Ya Baba, ambaye jana yake aliitumia kusikiliza mpira, ilikuwa hatua chache nje ya dirisha lililo wazi, ndani kabisa ya mita 10 ambazo vifaa vya aina hiyo huzimudu. Spika ikatangaza kwa sauti ya kike ya Kizungu kwamba imeunganishwa. Washenga wakaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Kisha sebule ikajaa sauti ya Baba Mkubwa. "Assalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam," washenga wote wakajibu.

"Mbona wengi? Uko msikitini?"

Spika ikiwa kwenye simu inachukua kazi mbili: sauti ya mbali inatokea kwake, na maikrofoni yake ndiyo inayosikiliza badala ya ile ya simu. Kwa hiyo Baba chini ya mwembe alikuwa hasikii kitu wala hasikiki. Tulimwona dirishani akiitikisa simu. "Haloo? Kaka? Haloo!" Na Baba Mkubwa kule Tanga alikuwa anasikia sebule nzima.

Mshenga mkuu aliwatazama wenzake, kisha akainamia spika. "Ni watu tu, kaka," akasema polepole.

"Wameshafika hao?"

"Wameshafika."

"Unawaonaje?"

Mzee alifikiri kidogo. "Watu wa heshima sana."

"Usitishike na heshima zao. Anza na milioni tano. Wakikunja uso, teremka taratibu. Kijana mwenyewe namjua, ana kazi, hana makuu, na mtoto wetu kampenda. Hata mbili tutapokea. Ila hilo usiwaambie."

"Siwaambii," mshenga akaahidi.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la juisi ya ukwaju, na njia ya kufika kwenye spika ilipita katikati ya magoti ya wageni. Mjomba, aliyekaa jirani na spika, alikuwa anautazama ukuta kwa makini makubwa. Bibi ndiye aliyenyanyuka. Hakutafuta kitufe. Aliibeba spika, akaifunika kwa upande wa kanga yake, akatoka nayo, na Baba Mkubwa akaendelea kutoa nasaha kutoka ndani ya kanga mpaka uani, ambako hatimaye ndugu wawili walikutana.

Kisa cha mwisho: Hukumu

Baba aliporudi ndani alikuwa amekwisha elezwa, na jasho lilimwonyesha. Alikohoa. Alianza sentensi iliyokuwa na neno tano ndani yake, akaiacha. Mshenga mkuu akamwokoa kwa kusema kwamba wao wamekuja kusikiliza, na kwamba mpaka sasa wamesikia mengi mazuri, hasa kuhusu kijana wao.

Cheko lililofuata lilianza kwa washenga na kumalizikia chumba cha ndani, alikokuwa Dada. Bibi akasema mahari ni haki ya mwolewa, si ya kaka wawili na redio yao, aulizwe mwenyewe. Jibu likaja kwa sauti iliyotulia: milioni mbili na nusu, na jiko la gesi la pleti nne.

Liliafikiwa kabla pilau haijapoa. Mdogo wangu, aliyerudi na barafu na kuyakuta yote yamepita, alifarijika na habari ya pleti nne, maana hiyo sasa ni prosesa ya viini vinne na kazi nne zinakwenda kwa wakati mmoja. Wageni walikula. Mshenga mkuu aliisifu pilau, akaomba mchuzi wa makongoro mara ya pili, na Mjomba akamhudumia kwa mkono wake huku akimtazama Mama.

Jioni Bibi alipitisha sheria za nyumba. Simu ya Baba iondolewe kwenye kumbukumbu ya spika. Mtu akitaka kutumia spika aunganishe upya, mbele ya watu. Mdogo wangu akamweleza kwamba ipo teknolojia nyingine, NFC, ile ya kadi za kugusisha, ambayo husikika kwa sentimita chache tu. "Vidole viwili?" Bibi akapima kwa mkono. "Basi mambo ya mahari yasemwe kwa hiyo."

Sisi wengine tulidhani Mama atanunua jiko, kwa kuwa pleti nne za Dada zitakwenda kwa Dada. Tukaanza hata kubishana kuhusu rangi. Mama alikwenda sokoni peke yake na akarudi bila jiko.

"Hata mngekuwa na mioto minane," akatuambia, "siku ile pilau ingelala njaa, kwa sababu aliyekuwa na chombo alikuwa mwingine."

Alikuwa amenunua sufuria kubwa ya pili. Mjomba aliizunguka, akaigonga pembeni kusikia mlio wake, kisha akauliza makongoro siku hizi yanauzwaje.